Nani Anakula Brashi za Mkubwa

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mume wangu husema nikianza, hata kuku wa jirani wanajua leo kuna jambo. Kwa hiyo mkinisikia napandisha sauti katikati ya habari hii, nivumilieni. Ina mahali pengi pa kunipandisha, na mimi mwenyewe nina fungu langu la makosa, ambalo nitalisema zamu yake ikifika.

Habari ni ya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Nilipoolewa nilimkuta humu ndani, chumba cha pili mkono wa kushoto, na siku ya kwanza tu aliniambia, "Wifi, mdogo wangu hajui kufunga bomba. Likivuja, niite mimi." Tukaelewana hapo hapo. Wanangu watatu amewabeba mgongoni kuliko nilivyowabeba mimi. Wakiumwa wanamlilia shangazi yao kwanza, nami nimeshaacha kuona wivu. Kiwandani wanamwita Bi Masizi kwa sababu ya vidole vyake. Unga wa kaboni ukikaa kwenye mikunjo ya ngozi miaka ishirini na mmoja, sabuni haina la kufanya.

Tunafanya kazi kiwanda kimoja, cha saruji. Mimi niko stoo, natoa spea kwa saini. Yeye ni fundi wa mota. Pale kuna kinu cha kusagia mawe, pipa la chuma refu kama nyumba tatu zilizopangwa, na linazungushwa na mota moja tu, kubwa kuliko jiko letu la nyumbani. Mota hiyo tunaiita Mkubwa. Mkubwa akisimama, kiwanda kizima kinakunja mikono.

Nyuma ya Mkubwa, ndani ya boksi lenye mlango mdogo, kuna pete tatu nene za shaba zinazozunguka. Juu ya kila pete vimekaa vipande sita vya kaboni, kila kimoja kikisukumwa na springi yake. Hizo ndizo brashi. Umeme unapita hapo, kutoka kwenye kilichotulia kwenda kwenye kinachozunguka. Brashi inalika polepole kama sabuni ya kufulia, ndiyo kazi yake, na ikibaki fupi unaitoa unaweka nyingine. Kwa Mkubwa, brashi ilikuwa ikiishi miezi kumi, wakati mwingine mwaka.

Wifi aliingia kiwandani kama mfagiaji. Siku moja akamwambia fundi wa umeme wa wakati ule, "Mkubwa leo anakwaruza." Wakamcheka. Akaendelea kufagia. Saa nane mchana cheche zikaanza kuruka, na walipofungua wakakuta brashi moja imekwama kwa vumbi ndani ya kishikizo chake. Fundi yule hakuwa na maneno mengi. Kesho yake alimnyang'anya ufagio akampa spana. Mpaka fundi yule anastaafu, Wifi alizijua pete zile kuliko anavyoijua sura yake.

Ila kuolewa, hakuolewa. Wachumba walikuja, wakaona mwanamke anaitwa kazini tonge likiwa mkononi, wakaaga kwa adabu. Kiwandani wakapata la kusema: "Bi Masizi pete tatu anazo, ya nne ataiweka wapi?" Yeye alicheka nao. Mimi ninayemsuka nywele kila Jumapili nilijua kicheko kile si chote cha kweli.

Ndipo meneja akaona chumba cha Mkubwa kina vumbi mno. Akaagiza madirisha manne mapya ya kioo, yazibwe hata nzi asipate pa kupenya. Akaja fundi vioo: mgane wa makamo, mrefu, mwenye mkoba wa zana uliopangwa kama kabati la bibi harusi. Alipachika vioo, akavizungushia gundi ya silikoni, akapitisha kidole kwenye kila mstari mpaka ukanyooka. Wifi akasimama nyuma yake, akatazama weee, kisha akasema, "Huo ni mstari."

"Na zile ni pete," yule bwana akajibu, akionyesha boksi lililokuwa wazi. "Nani anazitunza?"

Basi. Watu wengine hutongozana kwa maua, hawa walitongozana kwa kusifiana kazi.

Sasa kiwandani kuna amri: mgeni haingii chumba cha mota bila kazi maalumu. Na Fundi Vioo ni mkweli kupita kiasi, ugonjwa kabisa. Mwingine angebeba mkoba mtupu, akasaini "nakagua madirisha", akaingia kupiga soga. Yeye hapana. Alisema hawezi kusaini kwamba anakwenda kuziba kisha asizibe. Kwa hiyo kila alipotaka kumwona Wifi alikuja stoo kwangu, akachukua mrija mmoja wa gundi, akasaini, akaingia, akaongeza mstari juu ya mstari, akazungumza robo saa, akatoka.

"Leo dirisha gani, shemeji?" namuuliza, nimebana kicheko.

"La pili, shemeji. Pembeni kule sikuridhika."

"Hukuridhika, eti!" Nami nampa mrija. Nilikuwa najua yote, na nilikuwa nafurahi kuliko wao.

Wakaposana. Siku ikapangwa. Na hapo Mkubwa akaanza kula brashi.

Kwanza zikaisha kwa miezi mitatu. Kisha wiki tatu. Kisha, nisikilizeni vizuri, siku kumi! Wifi alikuwa akitoa brashi fupi kama kidole gumba cha mtoto, pembe zake zimemeguka, na ndani ya boksi unga mweusi umejaa kama kikaango kilichosahaulika motoni. Alhamisi ya wiki ya harusi, cheche zikaruka, Mkubwa akazimwa, Wifi akashinda na kukesha pale. Harusi ikaahirishwa. Tukapanga siku nyingine, na wiki ile nayo, Alhamisi tena, cheche. Tukaahirisha tena. Nguo yake ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango wangu, na kila nikifunga mlango nasonya.

Baada ya mara ya pili, dada mkubwa wa Fundi Vioo alikuja nyumbani, akanywa chai, akaweka kikombe chini taratibu.

"Sisi na binti yenu hatuna ugomvi," alisema. "Lakini ndugu zangu wamesafiri mara mbili wakarudi na zawadi zao. Mara ya tatu ikiwa hivi hivi, tutajua hilo ndilo jibu lake."

Na meneja naye, upande wa pili: "Bi Masizi, likizo hakuna mpaka Mkubwa atulie. Wewe ukiondoka, nani atamshika?"

Wifi akabaki katikati. Jumamosi ya tatu ilikuwa imeshapangwa, na yeye alijua hakuna ya nne. Usiku ule nilimkuta amekaa kitandani, akaniambia bila kuzunguka, "Wifi, namtaka huyu mtu. Nimechoka kuwa jasiri." Nilimkumbatia, na mimi si mtu wa kukumbatia ovyo.

Kesho yake akaanza kutafuta upya, tangu mwanzo, kama hajawahi kuiona mota maishani. Akapima springi zote kumi na nane kwa mizani ndogo ya kuning'iniza: zilikuwa sawa. Akasukuma kila brashi kwenye kishikizo: zote zinateleza, hakuna iliyokwama. Akapima pete kama zimepinda: hazikupinda. Mkubwa akiwa anazunguka, akasimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya mgongo wa mota, aone kama kuna mtikisiko. Sarafu ikasimama kama askari wa zamu.

Kisha akaja stoo. "Wifi, usikasirike."

Mtu akianza hivyo, mimi nimeshakasirika.

"Hukunichanganyia brashi? Kaboni zina ugumu tofauti. Laini na ngumu zikikaa pete moja, zinaharibiana."

Jamani! Miaka kumi na minne niko stoo ile! Nilishusha maboksi yote, nikayamwaga juu ya meza, nikamwambia asome namba moja moja kwa sauti. Akasoma. Namba ilikuwa ile ile kwenye kila kipande. "Basi, samahani," akasema. Sikumjibu mpaka jioni, aliponikuta jikoni, akachukua kisu na kunimenyea vitunguu vyote bila kuombwa. Mtu anayekulilia vitunguu utamnunia mpaka lini?

Jumatano jioni, siku tatu kabla ya harusi, tulikuwa sebuleni. Wifi alikuwa na brashi iliyokufa mkononi, anaigeuza chini ya taa.

"Tazama uso wake," akaniambia. "Brashi ikiwa salama, uso unang'aa. Huu umefifia, una mikwaruzo, kama uliosuguliwa kwa msasa. Na pete zimekuwa za kijivu. Pete yenye afya ina utando wa kahawia, kama chai iliyokolea. Utando huo ndio unaolinda brashi. Mimi nausubiri, hauji."

"Vumbi la saruji," akasema mume wangu kutoka kwenye kiti chake.

"Vumbi tuliliziba, mdogo wangu. Lilipokuwa likiingia brashi ziliishi mwaka. Tumeziba, zinakufa." Akainusa ile brashi. "Kuna kitu kwenye hewa. Leo nimefungua boksi nikasikia harufu ya siki. Nikauliza nani amemwaga siki humu, wakanicheka."

Hodi ikabishwa. Alikuwa Fundi Vioo, amekuja kuuliza habari za viti vya wageni, vitatosha au tuongeze. Mchana alikuwa amepita kiwandani, mrija wa gundi nilimpa mwenyewe. Akakaa. Nikamimina chai, naye kwa adabu yake akachukua kikombe cha kwanza, akampa Wifi.

Wifi hakupokea kikombe. Alibaki amekodoa macho.

"Hebu lete huo mkono," akasema.

Bwana wa watu akatutazama mimi na mume wangu, akaweka kikombe, akanyoosha mkono. Wifi akaushika kwa mikono miwili, akauleta puani, akavuta pumzi ndefu. Mume wangu akakohoa. Mimi nikajifanya natafuta sukari. Wifi akaugeuza, akanusa kiganja, akanusa kidole kimoja kimoja.

"Dada," mume wangu akasema, "zimebaki siku tatu tu, si mtasubiri?"

Wifi akainuka. "Ni wewe!" akapiga kelele. "Ni wewe unayekula brashi zangu!"

Masikini Fundi Vioo. Alifikiri anaachwa.

Ikabidi Wifi atulie aeleze. Gundi ya silikoni inapokauka inatoa mvuke, ule wenye harufu ya siki, na baada ya harufu kuisha bado inatoa mwingine usionuswa. Chumba kimezibwa, mvuke hauna pa kutokea, unaingia kwenye boksi la pete. Chini ya brashi kuna cheche ndogondogo ambazo jicho halizioni. Zikiunguza mvuke ule, kinachobaki ni kama mchanga laini. Brashi inasagwa na mchanga huo siku nzima. "Niliwahi kusikia hivyo kwa fundi wangu wa zamani," akasema, "maneno mawili tu, sikuyatilia maanani. Yako kwenye kitabu cha maelekezo kilichokuja na Mkubwa. Lakini kitabu chenyewe kilipotea miaka mingi."

Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Kitabu hakikupotea. Kilikuwa stoo, chini ya mguu wa meza yangu ulio mfupi, tangu mwaka wa kwanza niliopewa ile meza. Kilikuwa kinene sawasawa na pengo! Nilisema hivyo hivyo, mbele ya wote. Wifi alinitazama, nami nikaanza kumimina chai kwenye vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimejaa.

Alhamisi asubuhi tulikwenda kukichomoa. Kimeandikwa lugha tusiyoijua, lakini kina picha, na kwenye ukurasa wa pete kuna picha ya mrija wa gundi uliopigwa msalaba mwekundu. Mtoto angeelewa. Meza ikainama upande, kikombe changu kikaanguka kikavunjika, nikasema afadhali.

Kilichobaki ni kumwambia meneja. Nilimshauri Wifi aseme tu "gundi ya madirisha", asitaje mtu. Fundi Vioo alikuwa na kazi nyingine pale kiwandani, vioo vya ofisi nzima, na meneja si mtu wa kuchekea hasara. Lakini mwenyewe alikuwa amekuja mapema, amesimama mlangoni na mkoba wake.

"Mwambie," akasema. "Siwezi kuanza ndoa kwa kujificha nyuma ya dirisha."

Tukaingia watatu. Wifi akaeleza, akafungua kitabu, akaonyesha picha, akaweka brashi juu ya meza. Meneja akasikiliza bila kukunja uso wala kuukunjua.

"Gundi ya madirisha manne tu inafanya yote haya?"

"Siyo ya mara moja, bosi," Fundi Vioo akasema. "Nimerudi kuongeza."

"Mara ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Madirisha yalikuwa yanavuja?"

"Hapana, bosi. Yalikuwa mazima tangu siku ya kwanza."

"Sasa ulikuwa unaziba nini?"

Yule bwana akatazama viatu vyake, akatazama dari, mwisho akamtazama Wifi. "Bila kazi nisingeruhusiwa kuingia. Na yeye yumo mle ndani."

Meneja akamtazama Wifi, akaitazama ile brashi. Kisha kitu kikaanza kumtikisa tumboni, kikapanda mabegani, akaangua kicheko mpaka katibu wake akaja kuchungulia. "Kumi na tisa!" akasema, anajifuta macho. "Na wiki za harusi?"

"Wiki za harusi nilikuja kila siku," akajibu. "Kulikuwa na mambo ya kupanga."

Ndiyo sababu Mkubwa alikuwa anaanguka kila Alhamisi ya harusi! Kadiri ndoa ilivyokaribia ndivyo gundi ilivyozidi. Wanadamu tulikuwa tunamlaumu shetani bure.

Meneja akatoa amri. Gundi yote itoke, mpaka punje ya mwisho, na vioo vishikwe kwa kanda za mpira. Mkubwa akikimbia toka Ijumaa mchana mpaka Jumamosi asubuhi bila kula, Bi Masizi ana likizo yake, tena wiki mbili. Akila, hakuna.

Oneni basi kazi iliyofanyika. Fundi Vioo alipiga magoti mbele ya madirisha yale kwa wembe, akakwangua mistari yote aliyoinyoosha kwa kidole chake miezi saba, huku milango iko wazi na feni mbili zinasukuma hewa nje. Wafanyakazi walipita kumtania. "Kwangua, bwana harusi, kwangua! Mahari ndiyo hiyo!" Naye anacheka, jasho linamtiririka. Upande wa pili Wifi alizisafisha pete kwa jiwe laini, akatupa brashi zote za zamani kwa sababu zilikuwa zimeshanyonya ule mvuke, akaweka kumi na nane mpya, akazichonga moja moja zikae sawa na mviringo wa pete. Nilizitoa stoo mwenyewe, nikazibeba kwenye kanga kama mayai. Saa tisa mchana wa Ijumaa, Mkubwa akaamka.

Jumamosi saa moja asubuhi, nywele zikiwa zimeshasukwa, Wifi alivaa koti la kazi juu ya nguo ya harusi na tukaenda kiwandani. Mkubwa akazimwa kwa dakika kumi. Wifi akatoa brashi ya kwanza, akaipima. Akatoa ya pili. Meneja alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akapima zote kumi na nane, akainama kutazama pete kwa tochi.

"Wifi, sema basi, utaniua!"

"Njoo uone," akasema.

Nikachungulia. Shaba ilikuwa imeanza kupata rangi, hafifu sana, kama maji uliyotumbukiza jani moja la chai. Brashi hazikupungua hata unywele. Nilipiga vigelegele ndani ya chumba cha mota mpaka walinzi wakaja mbio.

Saa nne tulikuwa kwa msajili wa ndoa. Ofisi yenyewe chumba kidogo, viti kumi na viwili, watu arobaini. Msajili, mzee mwenye miwani, akamuuliza Wifi kama anamkubali mwanamume huyu.

"NAKUBALI!" Wifi akajibu, kwa sauti ile ile anayotumia kando ya Mkubwa akiwa amekolea. Mzee wa watu akaruka, kalamu ikamtoka. Mwanangu mdogo akaziba masikio. Watu hoi kwa kicheko.

Msajili akaokota kalamu, akamgeukia Fundi Vioo. Naye akajibu kwa sauti yake, ya chini, ya mtu aliyezoea kufanya kazi na vitu vinavyovunjika.

Wifi akamwinamia, mkono umezunguka sikio. "SIKUSIKII!"

Fundi Vioo akajaza kifua. "NAKUBALI!" akapaza, shingo imemsimama mishipa. "NAKUBALI!"

Tulicheka, tukalia, mimi nikilia kuliko wote na kumsukuma mume wangu aliyetaka kunipa leso. Msajili akasema jamani inatosha, tusaini, kuna wengine nje. Lakini Wifi hakuishika kalamu. Alikuwa bado amemkazia macho mumewe, machozi yanamshuka, na sasa aliposema alisema polepole, mpaka sisi wa nyuma tukalazimika kunyamaza.

"Hiyo nimeisikia," alisema. "Nataka tu kuisikia tena."